Kitundu Kilichozibwa kwa Methali

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliokuwa ubavu wa lori, umelazwa juu ya injini mbili zilizokufa zamani, pale kwenye kona ambako barabara inaacha utani na kuanza kupanda mlima. Kushoto ni gereji ya Pumzi, kulia ni banda la cherehani, na katikati kuna jiko la mkaa lenye birika lisilopoa. Ukikaa pale unauona mlima wote, tangu chini hadi kileleni barabara inapokata kona kuelekea hospitali, kwa hiyo hakuna gari linalopanda bila kuhukumiwa. Asubuhi hiyo wakaaji walikuwa watatu, walewale. Wakili, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila anauza viatu vya mitumba na kushinda kila kesi kwa methali. Kipimo, fundi cherehani, mkanda shingoni, asiyekubali jambo ambalo halijapimwa. Na Birika, muuza kahawa, anayeamini kwamba kila kitu duniani kinaendeshwa na mvuke. Mwenye gereji hakuwa amekaa. Kichwa chake kilikuwa chini ya boneti ya pikapu yake mwenyewe, na kiuno tu ndicho kilichobaki nje kushiriki mazungumzo.

Zamani Pumzi aliitwa Fundi tu, basi. Jina la Pumzi alilipata miezi miwili iliyopita, alipong'oa tabo kwenye lori bovu akalifunga kwenye pikapu yake ya zamani, yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Tabo, kwa asiyelijua, ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe. Nayo huikandamiza hewa na kuishindilia ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Nia ilikuwa njema kabisa. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza, hospitali iko ng'ambo ya mlima, na pikapu ilikuwa ikipanda mlima huo kama mtu anayekwenda kulipa faini. Pumzi hakutaka mtoto wake azaliwe njiani. Akafunga tabo. Tangu siku hiyo gari halikupanda polepole tena. Halikupanda kabisa.

Tena lilichagua siku ya kumwaibisha. Alikuwa anampeleka mkewe kliniki, mama mkwe akiwa pamoja nao, gari likazimika katikati ya mlima, na mama mkwe, muuguzi mstaafu mwenye umri wa kuheshimiwa, akashuka akasukuma. Walipofika nyumbani mama yule hakugomba. Alisema maneno machache tu, kwa sauti ya mtu anayeandika dawa. "Jumamosi nitarudi. Gari likipanda mlima bila kusimama, binti yangu atajifungulia hapa. Likisimama, naondoka naye siku hiyohiyo, akajifungulie kwangu. Uchungu haumsubiri fundi."

Jumamosi ndiyo hiyo. Saa nne ilikuwa imeshapita, basi la mama lilitarajiwa saa sita, na nyuma ya gereji, kwenye chumba chao, begi la mke lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa karibu na mlango. Pumzi alikuwa ameliona alfajiri. Alijifanya hakuliona, akatoka. Aliogopa kurudi kwenye chumba kile akikuta kitanda peke yake, na aliogopa zaidi kusikia kwa simu kwamba mwanawe amezaliwa.

— Rudia dalili, alisema Wakili. Mahakama haikusikia vizuri.

— Nimezirudia mara tatu, kilijibu kiuno. Kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Mlimani nikikanyaga mafuta, tabo linaanza kupiga mluzi, gari linapata nguvu kama limepigwa kiboko. Mluzi ukikolea tu, linakohoa, linazimika. Nikisubiri dakika moja linawaka tena kama halijafanya kitu.

— Mluzi, alisema Birika, akitikisa kichwa. Ule mluzi mimi niliusikia kwa masikio yangu siku ile na mama mkwe wako. Ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika kama birika lililotolewa jikoni. Nikasema moyoni, hapo mvuke umeisha.

— Gari la petroli lina mvuke gani?

— Kwani moshi ni nini kama si mvuke uliokosa malezi?

Kipimo alivua mkanda shingoni. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kusimama kwenye jukwaa.

— Jamani, hili ni suala la vipimo. Siku ile gari lilizimikia hatua kumi na saba chini ya nguzo ya umeme. Nilihesabu. Pale mlima ni mkali kuliko mahali pote. Tangi la petroli liko nyuma, injini iko mbele. Gari likiinua pua, petroli yote inarudi matakoni. Dawa yake tulishaijaribu.

— Dawa yake ilikuwa kupanda kinyumenyume! Pumzi alipiga kelele ndani ya boneti.

— Si ili tangi liwe juu?

— Nimepanda mlima kinyumenyume mchana kweupe, watu wote wa sokoni wakiniangalia, na likazimika vilevile!

— Lakini lilizimikia hatua kumi na tano, alisema Kipimo. Hayo ni maendeleo.

Pumzi alitoa mkono mmoja nje ya boneti, akautikisa kwa hasira, kisha akaurudisha kazini. Alikuwa ameshabadilisha plagi, amesafisha kabureta mara mbili, amepuliza mirija yote ya petroli kwa mdomo hadi chai ikawa na ladha ya gereji. Pampu ya petroli ilikuwa mpya, ya umeme, yenye nguvu kuliko mahitaji. Mbele yake kulikuwa na regulata, kile kidude cha duara kinachoibana petroli ya pampu isije ikaingia kwa fujo na kufurika kwenye kibakuli cha kabureta. Nayo aliipima. Ilikuwa inatoa petroli kwa nguvu ileile, bila kupanda wala kushuka, na jambo hilo lilimtuliza.

— Au tuling'oe tabo, alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

— Usithubutu, alisema Wakili. Kulivua ni kukiri kosa. Halafu lile jina lako tutalipeleka wapi? Mpanda ngazi hushuka.

— Maana yake?

— Maana yake, anayeshuka ndiye aliyewahi kupanda. Wewe bado hata hujapanda. Sasa sikilizeni hoja yangu. Hilo tabo limetoka wapi?

— Kwenye lori.

— Lori lilipatwa na nini?

— Lilipinduka.

— Wapi?

Pumzi alikaza nati moja ambayo haikuwa imelegea.

— Mlimani.

— Nimemaliza, alisema Wakili, akakunja mikono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tabo linapiga mluzi kwa furaha huko chini, likifika juu linakumbuka. Linakata tamaa.

— Chuma kinakumbuka? aliuliza Kipimo.

— Kama chuma hakikumbuki, mbona nyundo yangu ya viatu iliyoibwa ilirudi yenyewe?

— Ilirudi kwa sababu mimi nilikurudishia, alisema Birika.

— Na nani alikukumbusha?

Birika akarudi kwenye kahawa yake. Alimimina mizunguko miwili. Kahawa ilipomkaa sawa, nadharia yake nayo ikapanda cheo: kwamba jiko lake ndilo lenye kosa, kwa kuwa mkaa unakula hewa nzuri yote ya pale kwenye kona, na gari linapoanza mlima linavuta hewa iliyokwisha kutumika, hewa ya mitumba. Wakili alikasirika kidogo kusikia mitumba inatajwa vibaya. Kipimo aliuliza jiko lina upana gani. Pumzi aliomba, kwa heshima zote, waache kidogo afikiri.

— Fikiri tu, alisema Wakili. Lakini usisahau nani anakusaidia hapa. Si mimi niliyeokoa ile regulata? Mlipoifunga mkaacha kitundu wazi pale juu, kimdomo kinashangaa hewani, nani alisema kizibwe? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaziba kwa skrubu na gundi, na hakuna hata tone la petroli lililowahi kuvuja.

— Hapo kweli, alisema Kipimo. Skrubu ilikaa barabara. Nilipima mwenyewe.

— Basi gari ni zima, alisema Wakili. Na kama gari ni zima, kosa liko kwa abiria. Damu ni nzito kuliko maji.

— Hiyo nayo inahusu nini?

— Inahusu mama mkwe. Siku ile alikuwamo, gari likazimika. Mimi nilimwona anasukuma, kitambaa cha kichwani kikamwanguka mara mbili, akakiokota mara mbili, anasukuma na macho yanatoa moto. Nikasema, gari hilo limeogopa.

— Lakini hata asipokuwamo linazimika, alisema Pumzi.

— Kwa sababu linajua atakuja.

Birika alicheka hadi akaweka birika chini. Pumzi naye, kwa uchovu na kwa kukata tamaa, alifanya kosa ambalo hata mtu mwenye akili hulifanya akiwa amezungukwa na wapumbavu wanaomcheka. Alijiunga nao.

— Ila labda kweli ni uzito, alisema kutoka ndani ya boneti. Maana mama mkwe wangu, Mungu amzidishie afya, lakini akumbuke na ile aliyokwisha kumpa. Siku ile alipopanda, springi za gari zilisalimia.

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Alisikia ubao wa kijiwe ukilia, kama watu watatu wameinuka kwa pamoja.

— Mbona kimya? Kwani nimedanganya?

— Ahsante kwa dua, ilisema sauti nyuma yake. Afya ninayo.

Pumzi alijigonga kisogo kwenye boneti. Alipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama na mkoba wake begani, viatu vyake vya kiuguzi vyeupe, na uso usiosomeka. Kumbe alipanda basi la alfajiri.

— Shikamoo mama, walisema wanaume wanne, sauti zao zikiwa za watoto wa darasa la kwanza.

— Marahaba. Kaeni, mnanizibia upepo.

Waliketi. Yeye hakuketi. Birika alimpa kahawa kwa mikono miwili, akaipokea, akaisogelea pikapu na kuchungulia ndani kama anavyochunguliwa mgonjwa aliyeletwa na ndugu wengi.

— Haya, mkwe wangu. Linaumwa nini?

— Mama, naomba unisamehe kwa yale ma...

— Nimeuliza gari. Yale tutayafikia.

Pumzi akaeleza. Wakili alijaribu kuongeza jambo kuhusu kumbukumbu ya chuma, akatazamwa mara moja, akaacha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanywa funda la kahawa.

— Mimi si fundi, nieleze taratibu. Hilo tabo linasukuma hewa kwenda wapi?

— Kwenye kabureta, mama.

— Na petroli inasubiri wapi?

— Kwenye kibakuli cha kabureta hiyohiyo. Pampu inakijaza kidogokidogo, kadiri injini inavyokunywa.

— Kwa hiyo hewa ikishindiliwa kwenye kabureta, na kile kibakuli kinashindiliwa.

— Ndiyo... nacho kinashindiliwa.

— Sasa ile petroli inayotaka kuingia kwenye hicho kibakuli, hewa inapoongezeka nguvu humo ndani, yenyewe inaongezewa nguvu na nani?

Kipimo alishika mkanda wake, akauachia. Birika alitazama birika. Wakili alipekua ndani ya kichwa chake methali zote alizozijua, akakuta zote zinahusu maji.

— Nauliza kwa sababu ya kazi yangu, alisema mama. Mgonjwa ametundikiwa dripu mkono huu. Aje mwanafunzi asiyeangalia, amfunge kile kitambaa cha kupimia presha mkono huohuo, akijaze upepo. Dripu inafanya nini? Inasimama. Maji hayana kosa, chupa haina kosa, mrija hauna kosa. Mkono umebanwa, una nguvu kuliko dripu. Ukilegeza kitambaa, inaendelea kama haijafanya kitu.

— Kama haijafanya kitu, alirudia Pumzi.

Alisimama pale na spana mkononi, na jambo lote likampitia mbele ya macho tangu mwanzo. Gari linapanda. Tabo linapiga mluzi. Hewa inajaa kwenye kibakuli na kuikatalia petroli mlangoni, petroli inayokuja kwa nguvu ileile, bila kupanda wala kushuka, kwa sababu yeye mwenyewe alihakikisha haipandi. Injini inakunywa kilichobaki, kibakuli kinakauka, gari linakohoa, linazimika. Mluzi unakufa, hewa inalegea, petroli inaingia tena. Dakika moja. Naye alikuwa ameitazama regulata ile asubuhi nzima akajisifu kwamba haibadiliki, wakati kazi yake ilikuwa kubadilika. Ilitakiwa kuonjeshwa hewa ileile ya tabo, ili kila hewa inapoongeza nguvu, nayo iiachie petroli nguvu zaidi kwa kiasi hichohicho. Na hewa hiyo iingie regulata kupitia wapi? Kupitia pale juu. Pale penye kimdomo.

Aligeuka polepole kuelekea kijiweni.

— Nani alisema tuzibe kile kitundu?

Wakili aliinama ghafla kukagua soli ya kiatu ambacho hakikuwa cha kuuza.

Kazi yenyewe haikuchukua nusu saa. Gundi ilibanduliwa kwa kisu, skrubu ikatoka ikiwa inang'aa, safi, imetimiza wajibu wake kikamilifu. Pumzi alikata mpira mwembamba kwenye gari moja bovu lililolala uani, ule wa kurushia maji ya kuoshea kioo, akauchomeka upande mmoja kwenye kimdomo cha regulata na upande wa pili kwenye bomba la hewa, katikati ya tabo na kabureta, akakaza kila ncha kwa kibanio. Mama mkwe alimshikia tochi bila kuombwa na hakusema neno, na Pumzi aliona angependa kuwa na wasaidizi kumi kama yeye gerejini.

Mkewe alitoka nyumbani, mkono mmoja kiunoni, akaegemea mlango wa gereji.

— Mama! Umefika saa ngapi?

— Nimefika kabla springi hazijasalimia, alisema mama. Njoo upande, tunakwenda hospitali wakupime.

— Na begi?

Pumzi aliinua kichwa. Mama alimtazama mkwe wake, akalitazama gari, akautazama mlima.

— Begi libaki hapo lilipo. Gari ndilo litakalosema.

Pikapu iliwashwa, ikawaka. Mke akakaa katikati, mama akakaa dirishani. Na kwa kuwa ushindi haukosi wazazi, kijiwe kizima kilikuwa kimeshalizunguka gari.

— Si nilisema ni suala la vipimo? alisema Kipimo. Nguvu ya hewa, nguvu ya petroli. Kupimana tu.

— Na hewa iliyokandamizwa ni nini? alisema Birika. Ni mvuke ambao haujachemka. Nilisema tangu asubuhi.

— Tusipotoshe ukweli, alisema Wakili. Hoja ya kitundu ni yangu.

— Wewe ulisema kizibwe! alisema Pumzi.

— Kama kisingezibwa kingezibuliwaje?

Mama mkwe alishusha kioo. Alikiweka kiwiko chake dirishani, akawatazama mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayepita wodini asubuhi.

— Nimesimama nyuma yenu kitambo leo, nimesikia mengi. Wewe wa kahawa, uliusikia mluzi ulivyokatika. Wewe wa mkanda, ulihesabu hatua kumi na saba. Na wewe wa methali, ulikiona kitambaa changu kinaanguka mara mbili.

— Kabisa mama, alisema Wakili kwa fahari. Mashahidi watatu.

— Mimi nina swali moja tu. Nilipokuwa nasukuma, nyinyi mlikuwa wapi?

Mkaa ulipasuka jikoni. Kipimo alitazama ubao wa kijiwe, kisha mlima, na bila shaka alijua kwa hatua kamili umbali wa kutoka huku hadi kule. Birika alifunika birika lililokuwa limefunikwa. Pumzi alimwona Wakili akirudi nyuma hatua moja. Hakumwonea huruma. Lakini yeye mwenyewe siku ile alikuwa ameshika usukani huku mama wa mke wake anasukuma, na aibu hiyo bado ilikuwa yake.

— Twende, alisema mama.

Pumzi akaingiza gia. Gari lilipoanza kupanda alitazama kwenye kioo cha pembeni, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ya gereji ile. Kijiwe kilikuwa kitupu. Wale watatu walikuwa nyuma ya gari, wanatembea, mikono imenyooshwa mbele, viganja wazi, karibu kugusa bodi. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wamejipanga kusukuma.

Akaongeza mafuta. Mluzi ukaanza, mwembamba, ukapanda. Watatu wakaanza kukimbia kidogo. Mke alimshika Pumzi goti akafumba macho. Nguzo ya umeme ilikuwa inakuja, mluzi ukakolea, na Pumzi akaacha kupumua ili akisikie kile kikohozi. Hatua kumi na saba zikapita chini ya matairi. Nguzo ikapita. Injini ilikuwa inakunywa na kushiba na kunywa tena, na mlima ulikuwa unaingia chini ya boneti kama nguo inavyoingia chini ya cherehani.

— Linapanda, mke alisema, macho bado yamefumbwa.

Pumzi machozi yalikuwa yameshamtoka, na hakujali nani anaona. Kwenye kioo, Kipimo mkanda ulikuwa umemdondoka, Birika alikuwa ameshika mbavu, na Wakili alikuwa mbele ya wenzake, mdomo wazi, mikono bado imenyooshwa, anakimbiza gari ambalo halikumhitaji tena.

— Mama, alisema Pumzi, hawa wazee watakufa. Niwasubiri?

Mama mkwe aligeuka akatazama nyuma kwa muda mrefu. Kisha akakaa vizuri, akaweka mkoba mapajani, na akakikaza kitambaa chake cha kichwani.

— Usipunguze, mwanangu.